Kuuliza Mara Mbili

Kabla ya homa walimwita Mshale, na mtu hakuhitaji kuelezwa sababu. Ukimwona anakatiza ua wa kiwanda cha kufulia na furushi la mashuka mabichi begani, shingo mbele, kandambili zikimfuata kama zimechelewa, ungejua tu. Baada ya homa waliendelea kumwita hivyo hivyo, na hapo ndipo jina lilipoanza kumuuma.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mke wa fundi viatu, mama wa binti mmoja aliyekuwa shuleni. Kazi yake ilikuwa kwenye pasi kubwa. Usidhani ni pasi ya kushika mkononi. Ni meza ndefu kama kitanda, imevikwa blanketi na kitambaa cheupe, na juu yake umening'inia mfuniko wa chuma unaochemshwa kwa mvuke. Husimama watu wawili, mmoja huku na mmoja kule. Wanatandika shuka, wanalinyoosha kwa viganja, wanatoa mikono, kisha mmoja anakanyaga pedeli na mfuniko unashuka, pwaa, mvuke unaruka mpaka darini. Mashuka ya hoteli, mashuka ya hospitali, yote yalipita hapo.

Mashine ilikuwa kuukuu. Zamani ilikuwa na vyuma vya kukinga vidole, lakini viling'olewa kwa kuwa vilichelewesha kazi. Kinga iliyobaki ilikuwa ni mdomo. Mwenye pedeli anauliza, "Toka?" Mwenzake anajibu, "Nimetoka!" Ndipo mguu ushuke. Toka, nimetoka, toka, nimetoka, kutwa nzima. Ukiwa nje kwenye kamba za kuanikia ungedhani watu wanaimba.

Pedeli ilikuwa upande wa Mshale. Upande wa pili alisimama wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya pili ya barabara. Wifi ndiye aliyemwingiza pale. Kiwanda kile hakikutangaza nafasi. Anayetoka analeta wake: dada, mkwe, mtoto. Nafasi ilirithiwa kama sufuria. Na Mshale alikuwa amejiapiza kitu kimoja tu, kwamba pedeli ile haitarithiwa na binti yake. Yule mtoto alipenda kuchora wadudu. Angeweza kumtazama panzi nusu saa, amchore mpaka miiba ya miguuni, na kuandika kila kiungo jina lake. Mtoto wa namna hiyo, alisema Mshale, mikono yake si ya kuchezea mvuke.

Homa iliingia nyumbani ikapita chumba kwa chumba. Fundi viatu alipiga chafya, akalala kidogo, akaamka anaulizia chakula. Binti alipata mafua tu. Wifi, aliyekuwa akiishi chumba cha uani, ndiye aliyepigwa hasa. Alilazwa, akawekewa mashine ya hewa, na ndugu wakaanza kupigiana simu kwa ile sauti ya chini. Mshale yeye alikohoa siku chache. Hakulala hata mchana mmoja. Nani angelala? Alipika supu, akapeleka hospitali, akarudi, akafua, akaenda kazini, akarudi tena hospitali.

Wifi akapona. Alirudi amekonda, akala, akanenepa, akaanza kupiga kelele kama zamani. Watu walimshukuru Mungu.

Mshale yeye akaanza kuumwa pale wenzake walipopona.

Kwanza ilikuwa sabuni. Asubuhi moja alifungua pipa la sabuni akarudi nyuma. Ilinuka kitu kilichoungua. Akadhani imeharibika. Akanusa chai, imeungua. Akanusa nywele za binti yake, zimeungua. Hakumwambia mtu. Halafu ukaja moyo. Akipanda ngazi za kwenda ghala la foronya, moyo unamwenda mbio kama mtu aliyefukuzwa na mbwa, anajifanya anafunga kandambili ili apumue. Halafu ukaja uchovu, lakini si ule uchovu wa kazi anaoujua. Ule wa kazi unalala, asubuhi umekwisha. Huu alilala nao akaamka nao, na akijitutumua leo, kesho yake ulimwangusha kitandani kama gunia lililokatwa kamba.

Kilichomtisha kuliko vyote kilikuwa kichwa. Maneno yalimponyoka. Alisimama jikoni ameshika kijiko asijue amekifuatia nini. Na kwenye pasi ikatokea siku akauliza, "Toka?" Wifi akajibu, "Nimetoka!" Mguu ukabaki hewani. Ameuliza? Amejibiwa? Au lile lilikuwa shuka lililopita?

"Toka?" akauliza tena.

"Wee! Nimeshasema nimetoka," Wifi akamaka. "Umekuwa kasuku? Au unataka nikuletee na muhuri wa serikali?"

Wanawake wa kwenye meza ya kukunjia wakacheka. Mshale naye akacheka, akakanyaga.

Tangu hapo akawa anauliza mara mbili. Si kila mara, ila kila akiona wingu limepita kichwani. Na wenzake wakapata mchezo. Akienda chooni, mmoja anamuuliza, "Unatoka?" na mwingine anaitikia kule mwisho, "Unatoka?" Hata mwenye kuleta makaa ya boila aliujua mchezo ule.

Wifi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na hesabu yake kichwani na haikuwa ikikubali. Siku moja, wakiwa wanakula chakula cha mchana juu ya mafurushi, aliitoa.

"Nieleze nielewe, wifi yangu. Mimi nimelala na mabomba puani. Nimewasikia kwa masikio yangu mkiulizana nani ataniosha."

"Hatukuulizana hivyo."

"Mliulizana. Nilikuwa nimefumba macho, sikuwa nimekufa. Haya. Mimi huyo nimerudi, nabeba, nakula, nacheka. Wewe ulikohoa hivi," akakohoa kidogo, kho, kho, kama mtu aliyepaliwa na maji. "Sasa eti wewe ndiye mgonjwa? Huo ugonjwa umekosea mlango?"

Mshale naye alijiuliza hivyo hivyo kila asubuhi akiwa bado amefumba macho.

Alikwenda zahanati. Daktari akampima damu, akampiga picha ya kifua, akamsikiliza mgongoni. "Mama, uko mzima kuliko mimi," akasema, na alisema kwa wema, akidhani anampa zawadi. Mshale alirudi nyumbani ameishika ile habari njema kama mtu aliyepewa mtoto wa watu. Kama ni mzima, basi huu ni uvivu. Kama si uvivu, basi ni kichaa.

Mara ya pili alimkuta muuguzi, mwanamke mwembamba mwenye macho ya kukosa usingizi. Huyu alimwacha aseme mpaka mwisho. Kisha akasema, "Siyo wewe peke yako, dada. Kirusi kinaondoka, kinaacha mambo yake nyuma."

"Lakini mimi sikulazwa. Wifi yangu ndiye aliyelazwa."

"Waliolazwa ndio wanaoachiwa zaidi, ni kweli. Lakini hata walioumwa kidogo wanaachiwa, na kwa sababu wao ni wengi, ndio wanaonijia kila siku hapa. Wanawake kuliko wanaume. Watu wa umri wako kuliko watoto. Kwa nini huyu apone na yule abaki, hilo bado hata mabingwa wanabishana. Hujafanya kosa lolote."

"Dawa yake?"

"Pumzika kabla hujachoka. Siyo baada. Ukingoja uchoke, umechelewa."

"Nikipumzika, pasi itakanyagwa na nani?"

Muuguzi akaangalia dirisha. "Hilo sina dawa yake," akasema.

Jioni Mshale alimsimulia Wifi, neno kwa neno, kwa yale aliyoweza kuyashika. Wifi alisikiliza akiwa anachambua mboga, akafika mahali akaacha.

"Wanawake wa makamo? Kwani mimi ni kijana wa kiume? Huyo muuguzi naye anatafuta wateja."

Fundi viatu, aliyekuwa akigonga kisigino mlangoni, alisema bila kuinua kichwa, "Jikaze kidogo, mke wangu. Itapita." Alikuwa mume mzuri. Usiku huo aliosha vyombo mwenyewe, jambo ambalo majirani walilijua kesho yake. Lakini neno lile, jikaze, lilikaa kifuani kwa Mshale kama mfupa.

Basi akajikaza. Kiwandani palikuwa na msimamizi, mwanamume mrefu mwenye filimbi shingoni, na jina lake likawa hilo hilo, Filimbi. Alipuliza watu wakaingia, alipuliza wakala, alipuliza wakaondoka. Hakuwa mtu wa matusi. Alikuwa mtu wa kusimama nyuma yako na kunyamaza. Wiki moja hoteli mbili zilileta mashuka kwa mpigo, mafurushi yakapangwa mpaka yakaziba dirisha, na Filimbi akaja kusimama nyuma ya Mshale.

"Toka?"

"Nimetoka!"

Mguu ukasita. "Toka?"

"Nimetoka, nimetoka, nimetoka!" Wifi akaimba, na meza nzima ya kukunjia ikaitikia.

Filimbi hakucheka. Alingoja mfuniko uinuke, akainama. "Mshale. Wenzenu wamemaliza mafurushi yao, ninyi bado mnaulizana. Kama mguu umechoka, si dhambi. Lete mguu mwingine." Akafikiri kidogo. "Una binti, si ndiyo? Yule mrefu. Nilimwona langoni siku ile. Ana mikono mizuri."

Alisema tu, kama mtu anayesifia gari la jirani, akaenda zake. Lakini Mshale aliiangalia pedeli. Akamwona mtoto wake amesimama pale, nywele zimelowa mvuke, panzi wamesahaulika. Palepale akajiambia: siulizi tena mara mbili. Nife, lakini siulizi mara mbili.

Siku hiyo walikwenda kasi. Wifi alifurahi. "Ehee! Mshale wangu huyo amerudi," akasema, na akampiga kibao cha bega. Mshale akabeba hata mafurushi yasiyokuwa yake, akapanda ngazi bila kujifanya anafunga kandambili. Alijua analolifanya. Alijua kesho itakuja kudai chake. Ila alidhani itamdai yeye.

Kesho yake aliamka mwili si wake. Alivaa nguo akiwa amekaa chini. Njiani alishika kuta. Kwenye pasi, taa zilikuwa na ukungu, na sauti zilimfikia kwa mbali kama anazisikia akiwa ndani ya pipa. Akauliza, akajibiwa, akakanyaga. Akauliza, akajibiwa, akakanyaga. Shuka likaja, shuka likaenda. Ikafika mahali kukanyaga na kuuliza vikawa kitu kimoja kichwani mwake.

Shuka lililofuata lilikuwa na pindo lililojikunja upande wa Wifi. Wifi akainama kulinyoosha.

Mshale alilikumbuka jibu. Angeapa mbele ya mtu yeyote. Aliikumbuka sauti yenyewe, ile "nimetoka" yenye kicheko mwishoni. Ilikuwa sauti ya kweli na jibu la kweli, ila lilikuwa la shuka lililotangulia. Wingu likapita. Mguu ukataka kusita, na yeye akaukatalia. Akakanyaga.

Kelele ile hakuna aliyeifananisha na kitu. Aliyekuwa karibu na ukuta aliruka akavuta mpini wa kuzimia mvuke, mfuniko ukapanda. Watu wakaziba pua, mmoja akatapika juu ya foronya safi. Mshale peke yake hakuziba pua. Kwake yeye hakukuwa na harufu ngeni. Ilikuwa ile ile ya sabuni, ya chai, ya nywele za mtoto wake, ile aliyoinusa kila siku tangu homa. Alisimama tu anauangalia mguu wake.

Filimbi alikuja mbio, filimbi ikimgonga kifuani. "Nani? Imekuwaje?"

Wifi alikuwa amekalishwa sakafuni, uso umekuwa wa jivu, mkono wa kulia umelowekwa kwenye ndoo. Meno yalikuwa yakigongana. Akasema, "Mimi mwenyewe. Niliitikia, halafu nikarudisha mkono. Pindo lilijikunja." Akamtazama Mshale jicho moja la ukali, jicho la kumwambia nyamaza, wewe.

Mshale akanyamaza.

Wifi alirudi kutoka hospitali mkono umefungwa kama kitoto kichanga. Vidole viwili, walisema, havitakunjika tena. Kile cha tatu wataangalia. Alilazwa kwenye kitanda cha chumba cha uani, na Mshale akaketi kwenye kigoda karibu na miguu yake, na nyundo ya fundi viatu ikasikika huko mlangoni, ikigonga, ikiacha, ikigonga.

"Mbona ulinifichia?" Mshale akauliza.

"Nilimfichia mtoto. Ungefukuzwa wewe, angeingizwa nani?" Wifi akahema. "Usinishukuru. Nina hasira na wewe mpaka nasikia kizunguzungu."

"Najua."

"Hujui. Nyamaza kwanza." Akafumba macho. Alipofumbua, sauti ilikuwa imeshuka, sauti ambayo Mshale hakuwahi kuisikia kwake hata siku za mabomba. "Haya. Niambie sasa, na usinipunguzie. Inakuwaje huko kichwani?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Walimuuliza kama imepita, kama amejikaza, kama amekula. Mshale akafungua mdomo, na miezi yote ikamjia pamoja, na maneno yakamkimbia kama kawaida yake.

"Ni kama... ile. Ile tunayotia kwenye kola za mashati. Nyeupe. Ile ya..."

Mkono ukazunguka hewani ukitafuta. Wifi hakumsaidia kwa haraka. Alimwacha atafute, na alipoona machozi yanamlenga, akasema taratibu, "Wanga."

"Wanga. Kama mtu amenimwagia wanga kichwani, ukanikaukia. Kila kitu kipo ndani. Ila kimegoma."

Wifi akageuza uso ukutani. "Na mimi nikawa nakuimbia," akasema.

Kesho yake Mshale alikwenda kazini. Filimbi alikuwa amempa mwenzake mpya, msichana wa kwenye kamba za kuanikia, mwenye viganja laini na hamu ya kupendwa. Wakatandika shuka la kwanza.

"Toka?"

"Nimetoka, mama!"

Mshale akaangalia. Mikono ya yule msichana ilikuwa kiunoni, inaonekana wazi. Akainua mguu. Akaushusha chini, pembeni ya pedeli.

"Toka?"

"Nimetoka, mbona." Msichana akachekelea, akageuka kutafuta wa kucheka naye. Meza ya kukunjia haikuitikia safari hii. Watu walikuwa wakikunja macho yakiwa chini.

"Toka?" Mshale akauliza mara ya tatu. Akavua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya shuka, akaenda mpaka mlango wa msimamizi.

"Si wifi yangu," akasema. "Ni mimi. Sikumngoja."

Filimbi alimtazama sana. Labda alijua tangu mwanzo, huwezi kumjua mtu wa kunyamaza. Hakumkaripia. Akasema, "Kwa hiyo sasa nina nafasi mbili wazi." Na baada ya kufikiri, kwa ile sauti yake ya kusifia gari la jirani, "Moja tutaijaza sisi. Hiyo nyingine ni ya nyumba yenu. Mnaleta, au mnaacha?"

Jibu halikuwa la kufikiriwa sana. Nyumba iliyoishi kwa mishahara miwili sasa ilibaki na visigino vya kugonga. Fundi viatu alijaribu kusema, "Labda tusubiri muhula uishe," halafu akaona hana cha kuweka baada ya sentensi hiyo. Binti hakulia. Aliosha sare yake ya shule, akaianika, ilipokauka akaikunja pindo kwa pindo, kona juu ya kona, kama alivyofundishwa na mama yake tangu mdogo. Ilikunjika vizuri sana. Hilo ndilo lililomliza Mshale.

Siku iliyotangulia binti kuanza kazi, Wifi aliamka, akaagiza meza ya kulia itolewe vyombo, litandikwe shuka. Kandambili moja ikawekwa sakafuni, ndiyo pedeli. Wifi akasimama upande wake, mkono mmoja ukinyoosha, mwingine umefungwa umeegemea kifua. Binti akasimama upande wa pedeli, mahali pa mama yake. Mshale alikuwa amelala kwenye mkeka kando ya ukuta, maana siku hiyo hakuweza kukaa.

"Usiniamini mimi," Wifi akamwambia mtoto. "Usiamini mdomo wa mtu yeyote mle ndani. Angalia mikono. Watakucheka. Waache."

"Sawa, shangazi."

Wakatandika. Wakanyoosha. Shuka lilikuwa kuukuu, limechakaa katikati, na mwanga wa dirisha ulipita humo.

"Toka?" binti akauliza.

"Nimetoka."

Mguu wake mwembamba ukasimama juu ya kandambili. Akamtazama mama yake pale chini. Kisha akamtazama shangazi yake.

"Toka?" akauliza tena.

Wifi hakucheka. Aliinua mikono yote miwili, ule mzima na ule uliofungwa, akaiweka juu ya kichwa chake mahali ambapo mtoto hawezi kukosa kuiona.

"Nimetoka," akasema.